Maandiko Matakatifu Mbele ya Sauti Nyingi

Swali linalomkabili Mkristo wa Afrika Mashariki katika zama zetu halihusu kuwapo kwa Mwenyezi Mungu, kwa maana hilo hata jirani yake asiyekanyaga kanisani hulikiri pasipo kushurutishwa. Lahusu sauti: miongoni mwa sauti nyingi zinazodai kunena kwa niaba ya Mungu, ipi apewe sikio lake, mfuko wake na, kama tulivyoona kwa huzuni, hata uhai wake.

Na sauti hizo ni tele. Mganga wa kienyeji yu hai kijijini na mjini, na tangazo lake limebandikwa kwenye nguzo ya umeme pamoja na namba ya simu, likiahidi kumrudisha mume aliyetoroka, kumpandisha mtu cheo kazini na kuisafisha nyota iliyochafuliwa na mahasidi. Marehemu Sheikh Yahya Hussein, mnajimu mashuhuri wa Dar es Salaam aliyefariki mwaka 2011, alisikilizwa na watu wa dini zote kila alipotoa utabiri wake. Katika mitaa ya wenye nafasi yameingia mafundisho kwamba fikira ya binadamu, ikikazwa ipasavyo, huvuta mali na afya kwa nguvu zake yenyewe. Na juu ya hao wote wapo manabii na mitume wa siku hizi, wenye maji, chumvi, vitambaa na mafuta ya upako, ambao hawasemi kinyume cha Biblia hata kidogo, bali huishika mkononi na kuinua juu kila wanaponena.

Ninalotaka kulithibitisha ni kwamba kwa Mkristo Maandiko Matakatifu ndiyo mizani inayoweza kumpima kila msemaji pasipo kumpendelea hata yule aliyeyashika mkononi. Walakini huifanya kazi hiyo pale tu yanaposomwa mazima, hadharani na kwa pamoja. Aya iliyokatwa na kutengwa na nduguze hugeuka kuwa hirizi, na hatari iliyo kubwa leo haitoki kwa mganga anayejulikana kuwa ni mganga, ila yatoka kwa uganga uliovikwa aya.

Kitabu chenyewe kilitufikia kwa gharama. Johann Ludwig Krapf aliwasili Mombasa mwaka 1844, na kabla mwaka huo haujaisha alikuwa ameanza kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na mwaka huo huo akawazika mkewe na mtoto wake mchanga ng'ambo ya kisiwa. Edward Steere, askofu wa Unguja, aliitumikia kazi hiyo hata alipofariki mwaka 1882. Biblia nzima kwa lahaja ya Kiunguja ikatoka mwaka 1891, ya Kimvita ikafuata mwaka 1914, na mwaka 1952 ikapatikana Biblia ya Muungano, ambayo mpaka leo ndiyo isomwayo katika mimbari nyingi za pwani na bara. Kazi ya tafsiri ilizaa tunda ambalo baadhi ya waliolipanda hawakulitarajia. Mwaka 1968 mtafiti David Barrett alitoa kitabu juu ya harakati 6,000 za Kikristo katika Afrika zilizojitenga na makanisa ya wamisionari, akaonyesha kwamba kuwapo kwa Maandiko katika lugha ya wenyeji ni miongoni mwa sababu kubwa za kujitenga huko. Watu walipoanza kujisomea walikuta ndoto za Yusufu, pepo wanaokemewa na wagonjwa wanaoponywa kwa kuguswa, mambo ambayo mwalimu wao kutoka Ulaya aliyapitia upesi au aliyaeleza kana kwamba zama zake zimepita. Kitabu kilichowekwa mikononi mwa watu kiliwapa uwezo wa kumhukumu mwalimu, na uwezo huo ni neema na ni mtihani vilevile.

Ni dhuluma, basi, kusema kwamba Mwafrika hurudi kwa mganga kwa sababu ya ujinga. Marehemu John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya aliyetoa kitabu chake mashuhuri juu ya dini za Kiafrika mwaka 1969, alifundisha kwamba maisha ya wazee wetu yalikuwa dini asubuhi hata jioni, wala hapakuwa na mpaka baina ya shamba na madhabahu. Kanisa lililomjia Mwafrika wa maisha hayo likampa ibada ya Jumapili, kisha likanyamaza juu ya utasa, uchawi na jinamizi la usiku, lilimwachia siku sita za juma bila ya msaada. Maandiko yenyewe hayakunyamaza hivyo. Sura ya 18 ya Kumbukumbu la Torati yakataza ubashiri, ulozi na kuwaomba wafu, na huyakataza kwa ukali ambao hautumiwi juu ya mambo yasiyokuwapo.

Hapana mkasa uelezao jambo hili vizuri kupita ule wa mfalme Sauli katika sura ya 28 ya Samweli wa Kwanza. Sauli ndiye aliyewafukuza wapiga ramli katika nchi, na sheria hiyo ilikuwa njema. Lakini majeshi ya Wafilisti yalipomkabili, akamwuliza Bwana asijibiwe kwa ndoto wala kwa nabii, alivua mavazi ya kifalme, akavaa nguo nyingine, akaenda usiku na watu wawili kubisha hodi kwa mwanamke wa Endori. Mwanamke yule aliogopa, akidhani ametegwa, na mfalme akamwapia kwa jina la Bwana yule yule aliyekuwa akimwasi. Jibu alilipata, tena lilikuwa la kweli, lakini msaada hakuupata. Alianguka chini kwa hofu na njaa, na mwanamke akamchinjia ndama, akamwokea mikate, akamsihi ale. Asomaye habari hii polepole huona kwamba Sauli hakupungukiwa na elimu ya dini. Kilichomshinda ni ukimya wa Mungu.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Bidhaa ya mganga, ya mnajimu na ya nabii wa mafuta ni moja, nayo ni jibu la haraka. Mtoto amekufa, duka limefilisika, mimba zimeharibika mara tatu: mtu ataka kujua nani amemfanyia. Mganga hutaja shangazi au jirani. Nabii hutaja roho ya ukoo au agano la babu. Na wote wawili hupokea fedha. Maandiko huikataa biashara hiyo tangu zamani. Rafiki za Ayubu walikuwa na majibu mengi, kila mmoja akijua chanzo cha msiba, na mwishoni Mungu aliwakasirikia wao, akamtetea Ayubu aliyelia na kuhoji. Zaburi ya 88 yaanza kwa kilio na kumalizika gizani, pasipo faraja, wala hapakutokea mwandishi wa kuiongezea mwisho mzuri. Katika sura ya 9 ya Yohana wanafunzi wauliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule azaliwe kipofu, na Kristo alikataa kumtaja yeyote. Dini inayoweza kumwacha mwombaji bila ya jibu, na hata hivyo ikamfundisha kuendelea kuomba, ina adabu ambayo soko la kiroho haliwezi kuiuza, kwa kuwa hapana atakayelipa ili apewe subira.

Mashindano haya si mageni. Karne ya pili baada ya Kristo ilijaa walimu wenye elimu za siri. Marcion, aliyetengwa na kanisa la Roma karibu na mwaka 144, alitaka kulitupa Agano la Kale lote na kubakiza Luka aliyepunguzwa pamoja na baadhi ya nyaraka za Paulo. Wengine waliahidi maarifa ya kupanda mbinguni ambayo Kristo, kwa madai yao, aliwanong'oneza wateule wachache. Irenaeus, askofu wa Lyon, aliwajibu karibu na mwaka 180 kwa hoja ambayo ingali na nguvu: fundisho la mitume lilihubiriwa hadharani, katika makanisa yaliyojulikana, na watu waliojulikana, na lililonong'onezwa pembeni halina shahidi. Athanasius wa Aleksandria, Mwafrika wa Misri, aliviorodhesha katika barua yake ya Pasaka ya mwaka 367 vitabu 27 vya Agano Jipya, ndivyo hivyo tulivyo navyo. Na maandishi ya walimu wale wa siri yalipofukuliwa Nag Hammadi, huko huko Misri, mwaka 1945, kila mtu aliweza kujisomea na kulinganisha. Anayesema leo kwamba kanisa lilificha vitabu aulizwe kwanza kama amevisoma.

Madhehebu hutofautiana, sina haja ya kulificha. Mkatoliki na Mworthodoksi huyapokea Maandiko pamoja na Mapokeo ya kanisa, na Biblia ya Kikatoliki ina vitabu 73. Mprotestanti, tangu Martin Luther alipokataa kukana maandishi yake huko Worms mwaka 1521, hushika kwamba hapana mamlaka yaliyo juu ya Maandiko, na vitabu vyake ni 66. Tofauti hiyo ni nzito, lakini haimsaidii nabii wa siku hizi hata chembe, kwa sababu pande zote mbili hukubaliana kwamba ufunuo wa wote ulitimia katika Kristo, na kwamba hapana ndoto wala malaika awezaye kuuongeza. Paulo aliwaandikia Wagalatia kwamba hata yeye mwenyewe, au malaika wa mbinguni, akileta injili nyingine asisikilizwe. Mtume alijiweka chini ya ujumbe wake. Sijui fundisho lililo zito kuliko hilo kwa mtu ashikaye kipaza sauti.

Tuyapime hayo kwa tukio lililotutikisa sote. Mwaka 2011 Ambilikile Mwasapila, mchungaji mstaafu wa Kilutheri katika kijiji cha Samunge, Loliondo, alijulikana nchini kote na nje yake kwa kikombe kimoja cha dawa iliyochemshwa kutokana na mti, ambayo alisema Mungu alimwonyesha katika ndoto kuwa huponya maradhi sugu, ukimwi na kisukari yakiwamo. Bei yake ilikuwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi katika njia ya vumbi, wagonjwa wengine wakafia njiani. Viongozi wa serikali walikunywa, na askofu wake alimtetea. Baadaye zilikuja habari za watu walioacha dawa zao za hospitali wakidhani wamepona. Mzee yule alifariki mwaka 2021, na insafu yadai niseme kwamba hakudai fedha nyingi kama wengine tunaowajua: alikaa kijijini kwake, akanywesha watu kwa mkono wake. Ndiyo maana mfano wake una faida kubwa. Unyofu wa msemaji haukutosha kuifanya ndoto yake iwe kweli. Torati ilikwisha kutuwekea vipimo viwili ambavyo tuliviacha kabatini: katika sura ya 18 ya Kumbukumbu, kwamba neno lisilotimia halikutoka kwa Bwana, na katika sura ya 13, kilicho kigumu zaidi, kwamba hata ishara ikitimia, ikiwa yawavuta watu kuifuata miungu mingine, isisikilizwe. Paulo naye aliwaandikia Wathesalonike wasidharau unabii, bali wajaribu mambo yote. Katika pilikapilika zile za Samunge walipatikana wengi wa kuamini na wengi wa kudhihaki. Wa kujaribu walikuwa haba.

Mtetezi wa mafuta na vitambaa hukosi kumsikia akisema kwamba vitu hivyo vimo katika Biblia yenyewe. Ni kweli. Yakobo aagiza wazee wampake mgonjwa mafuta. Leso zilizogusa mwili wa Paulo zilipelekwa kwa wagonjwa. Kristo alitumia tope. Asome lakini mpaka mwisho. Elisha alikataa zawadi ya Naamani, na Gehazi, mtumishi wake, alipoikimbilia zawadi hiyo kwa siri, alirithi ukoma. Simoni wa Samaria alipotaka kununua uwezo wa Roho kwa fedha, Petro alimkemea yeye na fedha yake. Na iko habari ya nyoka wa shaba. Musa alimtengeneza kwa amri ya Mungu, na waliomtazama walipona. Karne nyingi baadaye mfalme Hezekia alimkuta watu wanamfukizia uvumba, akamvunja vipande vipande, na Kitabu cha Pili cha Wafalme kinamsifu kwa kitendo hicho. Chombo kilichokuwa cha Mungu kweli kweli, chenye historia na ushahidi, kilistahili kuvunjwa siku kilipotegemewa. Tarehe 1 Februari mwaka 2020, katika uwanja mmoja wa Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana walipokuwa wakiyakimbilia mafuta ya upako yaliyomwagwa chini. Sijapata kusikia mahubiri juu ya Hezekia kwa ajili yao.

Kuna hirizi iliyo karibu zaidi nasi, nayo ni Biblia yenyewe. Huwekwa chini ya mto, imefunguliwa penye Zaburi ya 91, ili mtoto asiote ndoto mbaya. Hufunguliwa alfajiri kwa macho yaliyofumbwa, kidole kikashushwa popote, na sentensi iliyoguswa ikapokewa kuwa agizo la siku. Katika mkesha wa mwaka mpya kapu hupitishwa kanisani lenye vikaratasi vilivyokunjwa, kila kimoja na aya ya ahadi, na waumini huchagua mmoja mmoja. Sijaona kikaratasi chenye neno la Amosi juu ya wanaowadhulumu maskini. Wenye kufanya hivyo ni watu wa ibada, nami siwadharau, lakini yafaa waambiwe kwamba wanapiga ramli kwa kutumia Maandiko. Kule nyikani Shetani naye alitumia Zaburi hiyo hiyo ya 91 kumtaka Kristo ajitupe kutoka juu ya hekalu. Aya ilikuwa ya Maandiko kweli. Kristo hakumjibu kwa muujiza, alimjibu kwa Andiko jingine, akionyesha kwamba ahadi ya ulinzi haisomwi mbali na amri ya kutomjaribu Mungu.

Pale ambapo hapana Andiko la pili lililoruhusiwa kusemwa, tumeona mwisho wake. Huko Kanungu, Uganda, tarehe 17 Machi mwaka 2000, mamia ya wafuasi wa kundi lililojiita la kurejesha Amri Kumi za Mungu waliteketea ndani ya jengo lao la ibada. Viongozi wao walidai kutokewa na Bikira Maria, wakachapisha kitabu chao wenyewe cha ujumbe kutoka mbinguni, na wafuasi walizuiliwa kuzungumza, wakawasiliana kwa ishara za mikono. Huko Shakahola, katika kaunti ya Kilifi, tangu Aprili mwaka 2023 imefukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa kundi jingine, na kiongozi wao ameshtakiwa mahakamani. Walionusurika wameeleza fundisho la kufunga chakula hata kufa ili mtu akutane na Yesu. Msomaji aangalie yale yanayofanana katika misiba hii miwili: mfasiri mmoja, mahali palipotengwa, na watu wasio na haki ya kuuliza. Biblia haikukosekana Shakahola. Kilichokosekana ni mtu wa kusimama na kusoma sura inayofuata.

Huenda mtu akanihoji kwa haki: je, kuipima dini kwa kitabu chake si kuzunguka palepale? Nakiri kwamba hapana anayeingia katika imani kwa hesabu. Lakini Mkristo haanzi na kitabu kilichoshuka kikiwa tayari; aanza na ushuhuda wa watu juu ya Mtu. Luka aeleza mwanzoni kwamba alijitafutia habari kwa usahihi kutoka kwa walioona kwa macho, na Paulo, akiwaandikia Wakorintho juu ya ufufuo, ataja ndugu zaidi ya 500, wengi wao wakiwa wangali hai wakati ule, kana kwamba awaalika wasomaji wakawaulize. Ufunuo wa nabii wa usiku hauna mlango wa namna hiyo. Atuomba tumwamini yeye peke yake.

Dawa, kwa hiyo, haiko katika kuongeza idadi ya Biblia. Iko katika namna ya kusoma. Ezra alisoma Torati mbele ya wanaume na wanawake tangu alfajiri hata adhuhuri, na Walawi wakawafahamisha maana. Waberoya walisifiwa kwa kuyachunguza Maandiko kila siku waone kama maneno ya Paulo ndivyo yalivyo. Kwetu mifano ipo. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea hadi Uganda, Kenya na Tanganyika uliwakutanisha Walokole katika vikundi ambamo mkulima aliweza kumwonya mchungaji kwa Andiko. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki nao waliziweka jumuiya ndogondogo kuwa njia ya uchungaji tangu miaka ya 1970. Aliyehudhuria jumuiya iendayo vizuri aijua sura yake: mabenchi ya kuazima sebuleni, Injili ya Jumapili ijayo imesomwa mara mbili, kimya kidogo, kisha mama mwenye duka la genge auliza ni kwa nini tajiri yule aliondoka kwa huzuni, na mwalimu wa shule ashindwa kumjibu upesi. Hapo hapana mwujiza wala kipaza sauti. Lakini mtu atakayekuja wiki hiyo akisema kwamba Mungu amemwagiza mama yule auze duka na kuleta fedha madhabahuni atakutana na swali, na swali hilo litaulizwa na zaidi ya mtu mmoja.

Wale waliovichoma vitabu vya uganga huko Efeso, vyenye thamani ya vipande 50,000 vya fedha, walikuwa wamekwisha kuamini. Walivihifadhi nyumbani kwa muda huku wakihudhuria ibada. Siwezi kuwahukumu, wala sitamhukumu jirani yangu aliyeenda kwa mganga usiku baada ya kumzika mwanawe. Bali nawasihi wachungaji, mapadri na wazee wa makanisa wavisome vitabu vizima mbele ya watu, Ayubu na Amosi wakiwamo, na waziruhusu hoja. Na kwako wewe msomaji ombi langu ni kwamba utakapoambiwa Mungu amesema, uulize imeandikwa wapi, usome kitabu hicho tangu mwanzo hata mwisho ukiwa pamoja na wengine, kabla hujatoa fedha yako wala hujaacha dawa ya daktari.